Mgomo wa marubani wa KQ 2022: ile ilikuwa tamaa au haki yao?

#1 Mzee wa Upanga
Wakuu salaam. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona niulete ubishi huku kwa wanaojua.

Mnakumbuka marubani wa Kenya Airways (KQ) walivyogoma Novemba 2022? Jumamosi tarehe 5, saa 12 asubuhi, ndege zikabaki zimeegeshwa JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, kama daladala zisizo na mafuta. Mahakama ilikuwa imeshauzuia mgomo tangu 31 Oktoba. Hawakujali. Shirika lilisema kila siku inayopita linapoteza shilingi milioni 300 za Kenya, na hizo hela lenyewe halina, linaishi kwa kukopa.

Hoja yangu ni hii: rubani ndiye mtu wa mwisho pale uwanjani mwenye sababu ya kugoma. Mbeba mizigo hajagoma, mfagiaji hajagoma, mwenye mshahara mnono ndiye anayeweka chini zana. Mimi naita tamaa. Mwenye hoja aje na hoja, matusi mwachie nyumbani.

#2 chapati_mbili
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Kiazi Mviringo
Mzee uko sahihi. Ule mgomo ulienda kama wiki mbili hivi, watu wakalala uwanjani, na mwisho wakaongezewa mshahara. Nani asiyetaka nyongeza?

#4 Binti Makadara
Kiazi, umekosea mara mbili kwa pumzi moja. Ulianza tarehe 5, na tarehe 8 Jaji Anna Mwaure akaamuru marubani warudi kazini kesho yake saa 12 asubuhi. Wakarudi. Siku nne, si wiki mbili.

Na hawakudai nyongeza ya mshahara. Walidai michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni irudishwe, ile iliyosimamishwa 2020 wakati wa korona, pamoja na mishahara iliyozuiliwa kipindi hicho. Kuongezewa ni kitu kimoja, kurudishiwa ni kingine. Sisi huku Mombasa tunajua tofauti, tuna wenye nyumba.

#5 Kiazi Mviringo
Nimesahihishwa. Ila siku nne ukiwa umelala kwenye sakafu ya vigae ni wiki mbili.

#6 Kapteni Mstaafu
Nimeruka miaka 26, shirika silitaji na silo hilo mnalolijadili. Naomba niweke jambo moja ambalo watu wa chini hawalioni.

Rubani wa ndege za abiria za kimataifa kikomo chake ni miaka 65. Lakini kikomo hicho ni cha karatasi. Kila mwaka unaingia kwa daktari wa anga, ukivuka 60 unaingia kila miezi sita. Moyo ukidunda vibaya kwenye ile karatasi ya mistari, umekwisha siku hiyohiyo. Daktari anaondoa miwani, anakuambia "pole kapteni", unatoka nje una miaka 48 na huna kazi nyingine unayoijua. Nimewaona wenzangu watatu. Mmoja aliniomba nimwendeshee gari hadi kwake kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na asubuhi ileile alikuwa ameshusha watu zaidi ya 100 salama.

Ndiyo maana mfuko wa akiba kwa rubani si marupurupu. Ukiugusa umegusa kitu ambacho kila mmoja wao anakiota usiku. Sisemi walikuwa sahihi kudharau amri ya mahakama. Nasema Mzee wa Upanga anahesabu mshahara wa mwezi, wao wanahesabu daktari.

#7 Mzee wa Upanga
Kapteni nakuheshimu, lakini mimi nimestaafu bandarini na kibubu changu nilijaza mwenyewe. Mwenye mshahara mnono ashindwe kujiwekea?

#8 Mlalahoi01
Mzee kibubu cha bandarini kinajazwa na mshahara au na makontena 😂

#9 Mzee wa Upanga
Wewe kijana nitakutafuta.

#10 Fundi Bomba
Mnazunguka bure. Ndege ni huduma muhimu kama hospitali na maji. Kisheria hawaruhusiwi kugoma kabisa, basi. Uzi ufungwe.

#11 Wakili Uchwara
Uzi haufungwi kwa sheria ya kichwani, mkuu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ina jedwali la huduma muhimu. Pale wametajwa waongoza ndege na mawasiliano ya anga, maji, hospitali, zimamoto, vivuko. Rubani hayumo. Anayesimamisha ndege zote angani kwa mpigo ni yule aliye kwenye mnara, si aliye kwenye usukani.

Na kwa wenzangu wa Bongo, msicheke: sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema karibu vilevile. Kuongoza ndege ni huduma muhimu, kurusha ndege siyo.

Kosa la KALPA, kile chama chao cha marubani, halikuwa kugoma. Walitoa hata ilani ya siku 14 wakati sheria inataka 7. Kosa ni kuwa kulikuwa na amri ya mahakama mezani na wakaipita kama taa ya njano.

#12 Fundi Bomba
Sawa wakili, nimejifunza. Ila mbona unajiita uchwara?

#13 Wakili Uchwara
Muulize mke wangu.

#14 Mhasibu wa Zamani
Mnamtafuta mchawi kwenye mshahara wa rubani na mchawi yuko kwenye hangari.

Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, KLM ya Uholanzi wakachukua asilimia 26, na kwa miaka mingi ilikuwa inatengeneza faida kweli. Halafu ikaja ile mipango ya kukua haraka, ndege mpya tisa za Boeing Dreamliner, madeni ya dola, njia nyingi. Hapohapo Ebola Afrika Magharibi, watalii wameogopa mabomu, na bei ya mafuta waliyokuwa wameifunga kwa mkataba ikabaki juu wakati ya soko imeshuka. Mwaka wa fedha 2015/16 hasara ilikuwa shilingi bilioni 26.2. Wakauza nafasi yao ya kutua Heathrow, London, kwa Oman Air, dola milioni 75. Mwaka 2017 mabenki yaliyokuwa yanawadai yakageuzwa wanahisa kwa nguvu, asilimia 38 hivi, serikali ikabaki na karibu 49, KLM ikashuka mpaka chini ya 8.

Sasa niambieni, rubani gani alisaini hayo? Na mwaka huo wa mgomo, 2022, hasara ilifika bilioni 38. Mgomo wa siku nne kwa hesabu ya shirika lenyewe ni bilioni moja na kitu. Zilizobaki 37 aligoma nani?

#15 chapati_mbili
Karanga zimeisha, naagiza mihogo. #14 ametema cheche.

#16 Kiazi Mviringo
Yaani unauza mlango wa Heathrow kwa Waarabu halafu unaendelea kujiita fahari ya Afrika. Ni kama kuuza jiko ubaki na sufuria.

#17 Mzee wa Upanga
Mhasibu umeongea, lakini umenisaidia mimi. Kama nyumba inaungua, ndio wakati wa kudai kodi yako? Wenzao wote walikatwa mishahara 2020. Hata mabosi walikatwa asilimia 75 mpaka 80.

#18 Mhasibu wa Zamani
Walikatwa, ni kweli. Ila tofautisha "nimekukata" na "nimekuahirishia". Mfanyakazi akiambiwa utalipwa baadaye, ile ni deni, inakaa kwenye vitabu. Mwenye kukodisha ndege akisubirishwa mwezi mmoja anakuja kuichukua ndege yake. Mfanyakazi hana ndege ya kuichukua. Anachoweza kuchukua ni mikono yake tu.

#19 Nyota ya Asubuhi
Jamani mnaongelea marubani na mabosi kana kwamba ndani ya ndege hakuna mtu mwingine. Mimi nimekuwa mhudumu wa ndege miaka saba, shirika halina haja ya kutajwa. Marubani wetu waligoma, sisi hatukugoma.

Mshahara wetu wa msingi ulikuwa mdogo, kilichotuweka mjini ni posho ya saa za angani. Ndege ikilala, posho inalala. Marubani wana chama chenye meno, wakirudi wanarudi na makubaliano. Sisi tulirudi na pengo la siku tano ambalo hakuna aliyeliandika popote, na mwenye nyumba hakutaka kujua KALPA ni nini wala chama gani.

Siku ya pili ya mgomo nilitumwa kaunta kusaidia kutuliza watu. Sare inakufanya uwe ukuta wa kupigiwa kelele. Baba mmoja alinitupia pasi yake ya kusafiria kifuani, akainama mwenyewe kuiokota, akaanza kulia. Alikuwa anawahi arobaini ya mama yake. Nilitoka saa nne usiku, nikajifunga leso juu ya sare mpaka miguuni na kuvaa ndara za rafiki yangu ili nipite kwenye foleni ya teksi bila kutambuliwa. Kofia nikaisukuma ndani ya mkoba mpaka ikapondeka. Mpaka leo haijanyooka.

Kwa hiyo Mzee ukisema tamaa, au Kapteni ukisema daktari, sawa. Mimi nauliza, nani alinihesabu mimi?

#20 Kapteni Mstaafu
Nyota, pole. Ni kweli na ni aibu yetu. Nilishawahi kukaa kwenye vikao vya chama, na suala la wahudumu lilikuwa linakuja mwisho, watu wameshavaa makoti.

#21 Binti Makadara
Dada Nyota ❤️

Na hili ndilo huwa nalisema. Marubani wa KQ walikuwa kama 400 kati ya wafanyakazi zaidi ya 4,000. Mmoja kati ya kumi. Huyo mmoja akikaa chini wote tisa wanakaa. Nguvu hiyo mfagiaji hana, Mzee, ndiyo maana hakugoma. Si kwamba ameridhika.

#22 Sungura Mjanja
Mnaacha siasa nje. Rais Ruto aliapishwa 13 Septemba 2022. Waziri wa uchukuzi Murkomen hata kiti hakijapata joto. Ilani ya mgomo inatoka Oktoba. Mnadhani ni bahati? Chama chochote kinajua serikali mpya haitaki kuanza na viwanja vya ndege vimefungwa. Walipima kina cha maji kwa mguu wa serikali.

Halafu marubani hawa ni mabingwa wa kung'oa mabosi. 2016 waliwatimua mwenyekiti na mkurugenzi wote.

#23 Binti Makadara
Nusu kweli. 2016 walitishia kugoma wakitaka mwenyekiti Dennis Awori na mkurugenzi Mbuvi Ngunze waondoke. Oktoba hiyo Awori akatoka, akaingia Michael Joseph, na Ngunze akabaki kwa muda huku akitafutwa mrithi. Mgomo wenyewe haukuhitajika.

Utamu ni huu: Joseph huyohuyo aliyeingia marubani wakishangilia ndiye alikuwa mwenyekiti walipogoma 2022. Ulichokiomba kwa goti ukija kukikimbia kwa mguu.

#24 Mlalahoi01
Hapo kwa Joseph nimecheka kwa sauti kwenye mwendokasi, watu wamenigeukia.

#25 Mangi wa Kibosho
Niongeze kisa cha upande wa abiria. Shirika silitaji, ni la mbali, na mgomo ulikuwa wao, si huu.

Shemeji yetu alifia ughaibuni. Tulichanga, tukasafirisha mwili, ukaishia nusu ya safari kwa sababu wafanyakazi wa shirika lile waligoma siku ile mwili ulipotakiwa kubadilishiwa ndege. Huku Kibosho watu wameshafika, ng'ombe ameshachinjwa, kaburi limeshachimbwa. Wazee wakasema kaburi halilali wazi. Saa mbili usiku tukakata mgomba shambani, tukaushusha mle ndani kwa kamba kama mtu, tukafunika na mabati. Mwili ulikaa kwenye ghala la mizigo siku tatu. Kila tukipiga simu tunaambiwa "mzigo wenu uko salama". Mzigo. Dada yangu alikuwa amewasha spika ya simu.

Sikuwachukia waliogoma, sijui shida zao. Ila tangu siku ile nikisikia mtu anasema "abiria walioathirika ni elfu kumi na kitu" najiuliza ndani ya hiyo namba kuna wangapi hawakuwa wamekaa kwenye kiti.

#26 chapati_mbili
Nimeweka mihogo pembeni. Poleni sana mangi.

#27 Kiazi Mviringo
Pole sana. Samahani kuuliza, ule mgomba mliufanyaje?

#28 Mangi wa Kibosho
Tuliutoa asubuhi ya mazishi, wazee wakaukatakata. Ng'ombe wakala.

#29 Mhaya Mtoro
Wikiendi ileile ya mgomo wa KQ, Jumapili tarehe 6 Novemba, ndiyo Precision Air ilianguka ziwani Bukoba. Ndugu zetu 19 kati ya 43 walituacha, wavuvi wakawahi na mitumbwi kabla ya mtu yeyote. Kumbukeni KQ ina hisa Precision, kama asilimia 41. Kuna watu walianza kuunganisha mambo mawili hayo.

#30 Kapteni Mstaafu
Wasiunganishe. Hisa ni hisa, marubani ni wengine, ndege ni nyingine, ATR ya ndani ya Tanzania. Siku moja kwenye kalenda haileti undugu. Mungu awapumzishe.

#31 Fundi Bomba
Kwani wakati ule shirika lilishindwa nini kuchukua marubani wa mkataba hata kutoka nje, waruke wiki moja? Huku ukigoma kwenye ujenzi, kesho saa moja kuna mtu kwenye ngazi yako.

#32 Kapteni Mstaafu
Mkuu leseni ya rubani haifanyi kazi kama ya bodaboda. Una ruhusa ya aina ya ndege. Wa Embraer, zile ndogo, hawezi kuamka akaruka Dreamliner. Hata mwenye ruhusa ya Dreamliner lazima awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, la sivyo anarudi kwanza kwenye chumba cha mazoezi. Kisha ajifunze taratibu za shirika lako, apitishwe na mamlaka ya anga. Mpaka amalize hayo waliogoma wameshazaa.

#33 Mbeba Boksi
Niko Uholanzi. Nawapa ya bure ambayo wengi wenu hamuijui, hasa mnaotumiwa tiketi na sisi.

Ndege yoyote INAYOONDOKA kiwanja cha Umoja wa Ulaya, iwe ya nani, inaangukia kanuni namba 261 ya 2004. Ikifutwa ghafla, safari ya zaidi ya kilomita 3,500, abiria anadai euro 600, mbali na chakula, hoteli na safari nyingine au kurudishiwa nauli. Amsterdam kwenda Nairobi umo, hata ukiwa na ndege ya Kenya. Nairobi kwenda Amsterdam na ndege ya Kenya haumo. Nairobi kwenda Amsterdam na KLM umo. Angalia nani anarusha, si nembo iliyo kwenye tiketi, maana wanauziana viti.

Mashirika yalizoea kusema "mgomo ni dharura, hatulipi". Mahakama ya Ulaya ikawakatalia. 2018 kwenye kesi ya shirika la TUIfly la Ujerumani, wafanyakazi walipojifanya wagonjwa wote kwa pamoja. Tena Machi 2021 kwenye kesi ya SAS, shirika la Skandinavia, mgomo halali kabisa wa marubani. Ikasema kugombana na wafanyakazi wako ni sehemu ya biashara yako.

#34 Wakili Uchwara
Safi sana Boksi. Huku kwetu tunategemea Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za anga, nao ni mgumu zaidi: shirika likithibitisha lilichukua hatua zote za busara kuzuia hasara ya kuchelewa, linapona. Na hakuna kiwango kilichopangwa tayari, lazima uonyeshe ulichopoteza. Leta risiti. Sasa Mangi atapata wapi risiti ya mgomba.

#35 Mangi wa Kibosho
😅 Wakili we.

#36 Mzee wa Upanga
Hiyo #33 ni silaha mpya kwangu. Kwa hiyo Mzungu anasema mgomo ni kosa la mwajiri?

#37 Mbeba Boksi
Hapana mzee, hasemi ni kosa la nani. Anasema abiria asiingizwe kwenye ugomvi wa ndoa ya watu.

#38 Mkulima wa Mwea
Watu wa ndege mnasahau tumbo la ndege. Chini ya abiria kunakaa mboga. Sisi huku Kirinyaga tunalima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, ya kwenda Ulaya. Aprili 2010 ndege zilikatika, mishiri imeshavunwa, imepangwa, urefu umepimwa, imekaa kwenye boksi za baridi. Dalali hakuja. Siku ya tatu tukampa ng'ombe. Ng'ombe naye akachoka. Naivasha walitupa waridi kwa malori.

#39 Sungura Mjanja
Baba, 2010 ilikuwa volkano ya Iceland, majivu. Huo si mgomo.

#40 Mkulima wa Mwea
Najua ni majivu. Nasema mishiri haijui tofauti. Ndege isiporuka siku tatu, kwangu ni sawa tu, awe amegoma rubani au umegoma mlima.

#41 chapati_mbili
"Umegoma mlima." Hii naiweka kwenye hali yangu ya WhatsApp.

#42 Mlalahoi01
Ila Wakenya mmezidi. 2022 mgomo, na ule wa Adani marubani wa KQ wakagoma tena. Sisi Air Tanzania yetu kimya.

#43 Binti Makadara
Mlalahoi soma taratibu. Mgomo wa Adani, 11 Septemba 2024, haukuwa wa marubani. Ni KAWU, chama cha wafanyakazi wa viwanja na huduma za ndege, na hasira ilikuwa ni JKIA kupewa Adani, kampuni ya Kihindi, miaka 30. Siku moja ikaisha kwa makubaliano, na Novemba Rais akaifuta ile mipango yote. KAWU haohao ndio waliogoma Machi 2019 wakipinga KQ kupewa uwanja uuendeshe, wakapigwa mabomu ya machozi na wanajeshi wakaletwa kukagua mizigo.

Kwa hiyo #1, mbeba mizigo naye hugoma. Tena yeye ndiye anayepigwa. Marubani 2022 walipewa jaji, hawa walipewa moshi.

#44 Mlalahoi01
Nimekubali. Yaishe.

#45 Kiazi Mviringo
Na Air Tanzania "kimya" ni kwa sababu Airbus zenyewe ziliegeshwa muda mrefu kwa matatizo ya injini. Rubani atagomea wapi, kwenye gereji?

#46 Mhaya Mtoro
Tukubali tu tulikosea 1977 kuivunja East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Leo tungekuwa na shirika moja kubwa kama Ethiopian. Ethiopian hawana migomo na wanaingiza faida.

#47 Mhasibu wa Zamani
Ethiopian ni la serikali asilimia mia na halikuuzwa hata hisa moja, hilo kweli. Lakini "hawana migomo" ongea polepole. Agosti 2018 waongoza ndege wa kule waligoma kwa ajili ya mishahara, kadhaa wakaishia mahabusu. Kimya kingine ni cha mtu aliyezibwa mdomo.

Na East African haikufa kwa bahati mbaya. Ilikufa kwa wenye nyumba watatu kugombania bili.

#48 Mzee wa Upanga
Mimi niliipanda ile, nikiwa kijana. Super VC10. Injini nne ziko nyuma mkiani, mbele kimya unasikia kijiko kikigonga kikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege.

#49 Mlalahoi01
Mzee ulipanda au uliibeba mizigo yake?

#50 Mzee wa Upanga
Vyote viwili. Na sikugoma.

#51 Sungura Mjanja
Turudi kwenye mada. KQ 2024 wametangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Mbona sasa hawasemi marubani ndio tatizo? Marubani ni walewale.

#52 Mhasibu wa Zamani
Usishangilie haraka. Nusu ya kwanza ya 2025 wamerudi kwenye hasara, karibu bilioni 12, Dreamliner tatu zilikuwa zimelala chini. Na sehemu ya ile faida ilitoka kwenye shilingi kupata nguvu dhidi ya dola, maana madeni yao ni ya dola. Shilingi ikipanda wanakuwa mabingwa, ikishuka wanamtafuta rubani.

#53 Nyota ya Asubuhi
Na wahudumu je?

#54 Mhasibu wa Zamani
Kwenye vitabu mko mstari wa "gharama za wafanyakazi". Wote pamoja.

#55 Nyota ya Asubuhi
Ndio hapo.

#56 Mzee wa Upanga
Nimewasikia wote. Neno tamaa nalirudisha nusu. Kuhusu mfuko wa uzeeni nimemwelewa Kapteni, tena na mimi daktari ameanza kunitolea miwani. Lakini kudharau amri ya mahakama sikubali hata mniletee majedwali kumi. Na mkirudi kijiweni msiseme nimeshindwa.

#57 Kapteni Mstaafu
Kahawa yako nailipia, mzee.

#58 Fundi Bomba
Mbeba Boksi, nina binamu alifutiwa ndege ya Brussels mwaka jana, hakulipwa kitu. Hiyo 600 inadaiwa wapi?

#59 Mbeba Boksi
Kwanza anaandikia shirika lenyewe, na namba ya tiketi na tarehe. Wakikaa kimya au wakikataa anapeleka kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Ubelgiji, maana ndege iliondokea huko. Asikubali vocha kabla hajasoma maandishi madogo. Na asimpe wakala anayetaka robo yake, barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Njoo faragha nikupe mfano.

#60 msafiri_mpya
Habari wakuu, nimejiunga leo. Nina safari tarehe 20 kupitia Nairobi, nimeona hapa kuna mgomo wa marubani. Nibadilishe tiketi?

#61 Kiazi Mviringo
Karibu. Soma kichwa cha uzi, kisha mwaka, kisha ulale.

#62 Mkulima wa Mwea
Nenda tu kijana. Mlima ukigoma tutakuambia.